Mwanangu wa kiume anabeba mwanasesere mgongoni: nimzuie au nimwache?

*"Mtaalamu, habari za kazi. Mimi ni mama wa watoto wawili, tunaishi Makorora, Tanga. Wa kwanza ni wa kike, ana miaka minane. Wa pili wa kiume, anatimiza mitano mwezi wa kumi na mbili. Huyu wa kiume mchezo wake mkubwa ni kupika mchanga kwenye vifuu na kumbeba mwanasesere wa dada yake mgongoni, anajifunga kanga yangu. Dada yake naye hashikiki nyumbani, yeye ni gololi na chandimu na wavulana wa mtaani. Mama mkwe anasema nimewaharibu, wa kike amekuwa jike dume na wa kiume atakua na tabia za kike. Wiki iliyopita baba yao, ni mvuvi, alirudi amechoka akamkuta mtoto na mwanasesere mgongoni. Akamnyang'anya akamtia motoni yule mwanasesere, akamwambia, 'Ukiendelea utageuka msichana.' Tangu siku ile mtoto hachezi tena mbele yetu. Jana nimemkuta nyuma ya choo anabembeleza chupa ya maji aliyoifunga kitambaa. Nimzuie au nimwache? Na je, nimpeleke hospitali?"*

Dada yangu, nikujibu la mwisho kwanza. Kwa haya uliyoyaeleza, mtoto haumwi na hospitali haina dawa ya kumpa. Anacheza mchezo wa umri wake, na dada yake vilevile. Lipo hata hivyo jambo moja linalotaka kushughulikiwa wiki hii hii, nalo ni ile chupa nyuma ya choo. Nitalifikia, ila kwanza tuelewane kuhusu mchezo wenyewe.

Hofu ya mama mkwe ni ya wengi, wala haifai kubezwa. Anawapenda wajukuu zake. Yeye anauona mchezo kama mbegu, kwamba mtoto akicheza upishi leo basi ndivyo atakavyoota. Lakini mtoto wa miaka minne hachezi atakachokuwa. Anacheza anachokiona. Sasa jiulize, mchana kutwa anaona nini? Anakuona wewe ukiwasha moto, ukikuna nazi, ukichota maji, pengine na mtoto wa jirani mgongoni. Baba anaingia baharini wengine wamelala, na anaporudi yeye ndiye wa kulala. Kazi ya baba mtoto hajapata kuiona hata siku moja, anamwona samaki tu. Kupika na kubeba mtoto ndizo kazi za watu wazima zinazofanyika mbele ya macho yake, kwa hiyo ndizo anazoziiga. Mtoto wa seremala anayeshinda karakana hupigilia misumari hewani kwa sababu hiyo hiyo.

Na hizo kazi tunazoziita za kike, tembea nazo mjini Tanga uone zinakoishia. Pale Ngamiani, anayekanyaga cherehani barazani mara nyingi ni mwanamume. Pilau la harusi, lile la masufuria makubwa, husimamiwa na wanaume wenye miiko mirefu kama makasia. Pweza na mishkaki ya jioni, wanaume. Nyavu zinazotandazwa kule Deep Sea, kwa wavuvi, zinashonwa na mkono wa mwanamume, na ule ni ushonaji kama ushonaji mwingine. Hata hiyo kanga: mume wako akijipumzisha nyumbani hujifunga msuli, na mtoto wa miaka minne hatofautishi kitambaa kimoja na kingine.

Sasa nikueleze kinachotokea kichwani mwa mtoto, maana hapa ndipo maneno ya baba yalipogusa pabaya. Akifika miaka mitatu hivi, mtoto anajua kusema "mimi mvulana" au "mimi msichana". Asichokijua bado ni kwamba hilo halibadiliki. Watoto wengi wa miaka mitatu hadi mitano huamini kabisa kwamba mvulana akivikwa gauni amekuwa msichana, na akivuliwa amerudi kuwa mvulana. Ujuzi kwamba mtu hubaki alivyo, avae nini au afanye nini, hukomaa polepole kati ya miaka 5 na 7. Mmarekani Lawrence Kohlberg aliuelezea mwaka 1966, na watafiti waliomfuata wameuona tena na tena.

Kwa hiyo baba alitoa onyo la mdomoni tu, lakini mtoto alisikia habari. Kwa umri wake inawezekana kabisa anaamini kwamba akicheza tena, ataamka msichana. Ndiyo maana amejificha badala ya kuacha: mchezo anautamani, na matokeo yake anayaogopa. Maneno hayo yanafutwa kwa maneno mafupi, mkiwa wawili, labda wakati wa kumwogesha: "Wewe ni mvulana. Ukipika ni mvulana, ukilia ni mvulana, ukimbeba mtoto ni mvulana. Huwezi kugeuka." Mwambie mara moja, na urudie akikuuliza tu. Ukimhubiria kila siku ataona jambo ni kubwa kuliko alivyodhani.

Kuna kitu kingine utakiona karibuni, nakuambia mapema usije ukakitafsiri vibaya. Kwenye miaka mitano na sita watoto huwa wakali wa kanuni hizi kuliko bibi zao. Mtoto aliyekuwa anapika jana anakuja kukutangazia kwamba kupika ni kwa wasichana tu, na dada yake asicheze mpira. Anapanga dunia kwenye makabati mawili kwa kuwa akili yake bado inahitaji makabati machache. Kuanzia miaka saba au minane ukali huo hulegea wenyewe. Mwanao akiacha mwanasesere mwakani, asishangilie mtu kwamba amepona, maana hakuwa anaumwa.

Je, watoto wa kike na wa kiume wanazaliwa sawa kabisa katika michezo? Nakujibu kwa haki: hapana, si kila kitu ni mazoea. Wasichana wanaozaliwa na hali ambayo tezi zilizo juu ya figo hutoa homoni za kiume kwa wingi tangu tumboni, kwa wastani hupenda zaidi michezo ya wavulana. Hiyo inaonyesha mwili una sehemu yake. Lakini sehemu yetu sisi wakubwa ni kubwa na hatuioni. Mwaka 1978 watafiti wawili Uingereza, Caroline Smith na Barbara Lloyd, waliwapa akina mama mtoto wa miezi 6 asiye wao wacheze naye. Mtoto yule yule mara alivikwa na kuitwa kama wa kiume, mara kama wa kike. Alipoitwa wa kiume, akina mama walielekea kumpa nyundo ya kuchezea na kumhimiza ajirushe na kujinyoosha. Alipoitwa wa kike, walimpa mwanasesere. Hakuna aliyetaka kumbagua. Mkono ulikwenda wenyewe.

Naomba basi usichukue upande wa pili kwa nguvu, yaani kumnunulia binti magari kumi na kumlazimisha kaka yake apike. Mtoto akilazimishwa, mchezo unageuka kazi. Weka vitu vya kila aina wanapovifikia, kisha ondoka.

Mama mkwe akiuliza faida, mwonyeshe jambo hili. Chukua kifuu kimoja cha maji, kimimine kwenye bakuli pana. Chukua kifuu kingine sawa na hicho, kimimine kwenye bilauri nyembamba. Muulize kijana wapi kuna maji mengi. Karibu hakika atasema kwenye bilauri, kwa sababu maji yamepanda juu. Dada yake wa miaka minane atajibu ni sawa tu. Njia ya kutoka jibu la kwanza hadi la pili inapita kwenye kumimina, na kumimina ndiko anakokufanya siku nzima na vifuu vyake. Anajifunza kujaza, nusu, kuzidi na kupungua, vitu ambavyo mwalimu wa darasa la kwanza atavidai kwa majina mengine. Kumbembeleza mwanasesere nako ni mazoezi ya kukisia mwingine anahisi nini: analia kwa nini, ana njaa au usingizi? Huyu atakuwa baba wa watu siku moja.

Kwa binti niseme zaidi, maana wa kike akicheza mchezo wa kiume watu hunung'unika kidogo tu, halafu akikaribia miaka tisa au kumi anavutwa jikoni kimyakimya na uwanja unafungwa. Gololi inamtaka apime umbali kwa jicho na nguvu kwa kidole. Sasa tazama mdako, mchezo wa wasichana: kishimo, kokoto kumi hivi, moja inarushwa juu, mkono unafagia zile nyingine nje, unaidaka ile kabla haijatua, unarusha tena na kuzirudisha zote ukibakiza moja. Jicho ni lile lile, kidole ni kile kile, na hesabu juu yake. Wavulana wanaojiona mabingwa wa gololi wakijaribu mdako kwa mara ya kwanza kokoto huwatawanyika. Na rede? Anayesimama katikati anakwepa mpira kutoka pande mbili huku akihesabiwa. Sijui mazoezi gani ya golikipa yanazidi hayo. Waambie watoto wako wabadilishane: jioni moja wavulana wacheze rede kwa kanuni za wasichana, jioni nyingine chandimu ya mchanganyiko.

Umri wa binti unataka angalau dakika 60 za kutoka jasho kila siku, na Shirika la Afya Duniani halijaweka saa za wavulana na za wasichana. Hesabu kwa wiki moja: baada ya shule na madrasa, binti anapata dakika ngapi za kucheza, na wavulana wa jirani wanapata ngapi? Kama yeye anachota maji na kuosha vyombo wakati kaka yake yuko huru, gawa kazi upya. Wa miaka mitano anaweza kuchambua mchele kwenye ungo, kumenya vitunguu saumu, kukusanya vikombe. Mbuzi ya kukunia nazi asubiri, makali yake hayamtaki. Wa miaka minane akune ukiwepo.

Kuhusu madrasa, ukiulizwa: masuala ya hukumu mpelekee shehe unayemwamini. Lakini mkumbushe mume wako jambo analolijua, kwamba Bi Aisha alipoulizwa Mtume (S.A.W.) akifanya nini nyumbani, alisema alikuwa akiwahudumia watu wa nyumba yake, na wakati wa sala ukifika hutoka kwenda kusali.

Sasa ile chupa. Mtoto aliyejificha hajaacha mchezo, ameacha kuwaamini. Hili linanitia wasiwasi kuliko wanasesere wote wa Makorora, kwa sababu moja iliyo wazi: wanaowadhuru watoto mara nyingi ni watu wanaojulikana nyumbani, na silaha yao kubwa ni siri. Mtoto aliyezoea kwamba yapo mambo yake hayasemeki kwa mama na baba ni rahisi kunyamazishwa. Kama mume wako anaogopa mwanawe asije akaharibiwa, mwambie ulinzi uko hapa: kujua yuko wapi, yuko na nani, na mdomo wa mtoto uwe wazi kwenu. Kumchoma mwanasesere kumefanya kinyume chake.

Zungumza na baba baada ya kulala na kula, si mbele ya mama yake. Usianze na kosa lake. Anza na ombi: "Mtoto hajui unafanya nini huko baharini. Nataka umfundishe kushona nyavu." Kwa mikono ya karibu miaka mitano, aanze na kamba nene kama penseli, sio uzi wa nailoni, kwa sababu uzi mwembamba unateleza na unakata vidole, mtoto anakata tamaa siku ya kwanza. Siku mbili tatu ashike tu nyavu ikazwe, kisha azungushe uzi kwenye sindano ya nyavu, kisha fundo moja. Dakika 20 zinatosha. Kinachoharibu zoezi hili ni baba kuligeuza mtihani. Mtoto akikosea fundo, baba alifungue acheke naye, wafunge tena.

Baada ya siku chache wamtengeneze mwanasesere mpya, baba na mwana. Kata kanga kuukuu mraba wa sentimita 50 kila upande. Weka katikati donge la sufi au matambara, ukubwa wa chungwa, funika, kaza shingo kwa uzi mizunguko sita. Pembe mbili zifungwe fundo ziwe mikono, mbili zilizobaki zining'inie. Watoto hupenda mwanasesere mwenye uzito mgongoni, kwa hiyo shona kifuko cha robo kilo ukitie tumboni. Usitie mchele, utaingia wadudu na panya watautafuta. Tia mchanga wa pwani uliooshwa ukakauka juani, ndani ya vitambaa viwili, maana mshono mmoja huvuja. Macho yachorwe kwa kalamu. Vifungo vya shati hung'oka, na mtoto mchanga wa jirani akikimeza anaweza kukabwa.

Dada yake amtengenezee gari la kumbebea huyo mwanasesere. Bodi ni dumu la lita tano lililokatwa ubavu. Tairi zikatwe kwenye kandambili iliyokwisha, nne, zikichorwa kwa mdomo wa kikombe cha kahawa ili zilingane. Zisipolingana gari huenda upande. Mhimili ni kijiti cha mishkaki, ncha zake zikatwe. Tundu la kwenye dumu liwe pana kuliko kijiti, la kwenye tairi libane. Wengi hukosea wakayabana yote mawili, gari likaburuzika bila kuzunguka tairi. Kingo za dumu zipitishwe juu ya moto kidogo na mtu mzima ziondoke makali. Ukiwaachia gari na mwanasesere pamoja utaona watoto wenyewe wanatunga safari: mgonjwa anapelekwa hospitali ya Bombo, dereva ni dada, muuguzi ni kaka.

Mtaani atachekwa, sikufichi. Hapo una njia mbili, na zote zina gharama. Ukimruhusu atoke na mwanasesere, atataniwa na pengine kupigwa. Ukimwambia abaki naye uani, anapoteza uhuru kidogo ila anacheza kwa amani. Mimi ningemwachia uani na barazani bila kumwambia kuna aibu: "Vitu vya nyumbani tunachezea nyumbani, gololi hizo hapo za barabarani," kanuni hiyo hiyo kwa dada yake. Mfundishe na jibu moja fupi la kujitetea: "Namlea mwanangu." Watoto wa miaka mitano hukosa la kujibu mbele ya mtu asiyeona haya.

Hospitali au kliniki nenda kwa mambo mengine kabisa. Nenda kama mtoto amepoteza maneno au uwezo aliokuwa nao; kama kwa miaka hii bado haungi sentensi, haitiki akiitwa jina, au hajawahi kuigiza mchezo wowote wa "tufanye kama"; kama ameanza kukojoa kitandani baada ya kuacha, anashtuka usiku au hali chakula, na hali hiyo ikazidi wiki mbili tatu. Nenda siku hiyo hiyo kama anaiga vitendo vya ngono vya watu wazima, ana maumivu au michubuko sehemu za siri, au anamwogopa mtu fulani kupita kiasi. Hilo halihusiani na mwanasesere, linahusu usalama wake. Anzia zahanati au Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Bombo, na kama kuna dalili ya kudhuriwa, Dawati la Jinsia na Watoto polisi. Simu ya mtoto 116 ni ya bure. Na kama mtoto anaadhibiwa kwa kupigwa kwa sababu ya mchezo, Afisa Ustawi wa Jamii wa kata anaweza kukaa na baba na bibi. Wengine humsikia mtu wa nje kuliko wa ndani.

Ile chupa usiitupe. Ioshe, kausha kitambaa chake, uiweke barazani anapoweza kuiona, na usimwambie neno. Inaweza kupita siku nne, tano. Akija akaichukua wewe ukiwa umekaa hapo hapo unachambua mchele, msogezee nafasi kwenye jamvi akae, mwendelee.